Ufunguo Ulioandikwa Kipenzi

Walikutana kwenye kaunta ya fundi wa kompyuta, saa sita mchana, watu wamebanana mpaka mlangoni. Dada alikuwa na gauni la njano na kompyuta iliyomwagikiwa chai. Kaka alikuwa amefunga vifungo vya shati kombo, wala habari hana.

"Kaka, umevaa shati au shati limekuvaa?"

"Angalau mimi sijainywesha kompyuta chai, dada."

Kumbe walikuwa kampuni moja: dada mkaguzi wa usalama wa mitambo ghorofa ya nne, kaka mwandishi wa programu ghorofa ya pili. Tangu siku hiyo simu hazikukatika. Mkaguzi alimpa jina la Kombo, kisha akamwita laazizi, kisha roho yangu. Kombo alijibu "poa, Mkaguzi," basi. Maneno matamu yalimkwama kooni, na jambo hilo lilimuuma Mkaguzi kuliko alivyokubali.

Mwaka mmoja baadaye, asubuhi ya Jumanne, miadi ya wagonjwa mia mbili ilifutika kwenye mfumo ambao kampuni iliuendesha kwa niaba ya hospitali. Mkuu wa kitengo akamwita Mkaguzi.

"Aliyefuta kaingia kwa ufunguo wa SSH, ule wa kuingilia mfumo kwa mbali. Namba yake hii hapa. Nataka jina kabla ya chakula."

Ilikuwa kazi ya dakika moja. Ufunguo wa aina hiyo una nusu mbili: ya siri hukaa kwenye kompyuta ya mwenyewe, ya wazi huandikishwa kwenye mfumo. Mkaguzi aliuliza ile namba kupitia API, njia ya programu kuulizana na mfumo, na jibu likarudi: akaunti ya Kombo, tarehe, ile nusu ya wazi, mistari ya herufi isiyosomeka, na jina ambalo Kombo aliupa ufunguo huo. Kipenzi.

Mkaguzi mwenyewe hakuwahi kuitwa kipenzi hata siku moja. Akampigia Kombo simu.

"Kipenzi ni nani?"

"Usiniulize hilo kwenye simu ya ofisi."

"Umempa mwanamke ufunguo wa kazini?"

"Mkaguzi, nakuomba. Usiandike kitu mpaka tuonane."

Aliandika. Tena aliipeleka ripoti mwenyewe, kwa miguu. Saa nane Kombo akasimamishwa kazi, asijitetee hata kwa neno moja.

Kesho yake mkuu alidai ushahidi wa ile ripoti. Hapo ndipo Mkaguzi alipofanya alichopaswa kufanya mwanzo: kulinganisha zile herufi na funguo za kompyuta zote za ofisi. Zilifanana na moja tu, ya mezani kwake.

Hapo akakumbuka. Miezi michache nyuma, mama yake Kombo alipolazwa, Kombo alishinda wodini wiki nzima, na yeye akamfanyia kazi zake kimyakimya, kinyume cha sheria za kampuni. Alimtumia nusu ya wazi ya ufunguo wake, Kombo akaiandikisha kwenye akaunti yake, na bila kumwambia akaiita Kipenzi. Mkaguzi aliacha kwenye kompyuta yake amri inayojiendesha, ya kufuta miadi ya majaribio kila mwezi, akaisahau. Wiki hii miadi ya kweli ilihamishiwa mahali palepale, na amri ikafagia yote.

Alimkuta Kombo kwao, jikoni, akiosha vyombo vilivyokwisha takata.

"Ulijua ni mimi."

"Tangu ulipotaja lile jina."

"Mbona hukusema?"

"Niseme kwenye simu wanayoirekodi? Nilitaka mmoja wetu abaki na kazi." Akaweka sahani chini. "Hilo halikuniuma. Kilichoniuma, herufi zako mwenyewe zilikuwa mbele yako, ukaona rahisi kuamini nina mwanamke mwingine."

"Nisamehe, roho yangu."

"Sijui kama naweza leo."

"Basi. Naenda kwa mkuu, nimwambie yote."

"Watakufukuza."

"Wacha wanifukuze."

Kombo alimsindikiza mpaka ofisini bila kumshika mkono. Getini kadi ya Kombo ilikataa, akabaki nje. Mkaguzi alikaa huko juu saa mbili, akatoka na boksi la vitu vyake.

"Wewe wanakuita kesho," alisema. "Utapewa onyo, kazi unabaki nayo. Mimi ndiyo basi tena."

Kombo akalipokea boksi. "Bado nina hasira nawe. Haiishi leo, wala wiki hii."

"Najua."

"Basi iishie kwetu. Mama kila siku ananiuliza nitakuoa lini, na nimechoka kumkwepa."

Mkaguzi alilia palepale, mbele ya askari wa getini, asijali nani anamtazama.