Chai kwa Bwana Kivuli

"Filamu iishe kabla ya saa nne."

Zuleha alisoma ujumbe wa mkuu wake, akaufuta. Aliuelewa. Saa nne asubuhi lori lenye mabinti sita lingetoka soko la mahindi Kibaigwa, likiwapeleka kufungiwa ng'ambo kwenye kambi za utapeli wa mtandaoni. Lori lipi? Kibaigwa yalikuwepo malori mia mbili.

Zilibaki dakika ishirini.

Miaka minane watu walimjua kama mtengeneza filamu za wahalifu wa mtandao. Matapeli walimpenda, wapumbavu wale! Kila mmoja alitaka kuonekana. Hawakujua kamera ni ya Idara ya Usalama.

Leo, sebuleni mtaa wa Area D, mbele ya kamera ya Sony FX3, alikaa Bwana Kivuli mwenyewe, kiongozi wa walionasa mabinti wale. Kinyago usoni. Kifaa cha kubadili sauti shingoni.

"Tangazo moja tu la kazi, wanakuja wenyewe," alijigamba.

"Unawaaminishaje?"

"Familia zao nazijua."

Zuleha alishahisi hivyo. "Mama, lete chai!"

Aliingia na sinia Mwamvua, mama wa Kondoa ambaye Zuleha alimleta kama mpishi. Binti yake, Rukia, alikuwa mmoja wa wale sita. Zuleha hakumwambia chai ni ya nani. Ukatili? Ndiyo, na angeurudia.

Mtu aliyelelewa Kondoa salamu humtoka kabla hajafikiri. Bwana Kivuli alinyanyuka, akapokea kikombe kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama mdogo."

Sinia likaanguka.

"Hanifu? Mtoto wa pekee wa dada yangu?"

Bastola ya Zuleha, Glock 19, ilikuwa tayari kwenye paji la kinyago.

"Mama, ana lori?"

"Fuso la bluu la marehemu baba yake. Limeandikwa Subira."

Zuleha akampigia simu mwenzake aliyevizia sokoni Kibaigwa. "Silvano. Fuso la bluu, Subira."

"Naliona. Linatoka."

"Pasua matairi."

Milio miwili ya risasi. Magunia yakasikika yakitupwa chini.

"Wako chini ya magunia. Sita, wote hai. Rukia anamwita mama yake."

Mwamvua alipiga magoti, akalia kwa furaha. Zuleha akamtia Hanifu pingu, akafungua kompyuta, akaikata filamu kabla bastola haijatokea, tayari kuirusha mtandaoni.

"Mwanangu, mfunge, hata umnyonge ukitaka. Ila filamu hiyo usiitoe. Dada yangu ana presha, itamuua," Mwamvua alimsihi.

"Nisipoitoa, wenzake wanaoisubiri watanishtukia mimi ni nani."

"Nakuomba kwa Mungu!"

"Pole, mama."

Akabonyeza. Dakika ya kwanza, watazamaji elfu nne. Askari wa Idara wakaingia kumchukua Hanifu. Zuleha alivaa miwani ya jua, akabeba kamera, akaelekea mlangoni.

Simu ya Mwamvua ikaanza kuita.

"Ni dada," alisema. "Nimwambie nini?"

Zuleha alishafika barabarani, akasimamisha bajaji.