Mgeni Aliyeogopa Ufagio

Kila asubuhi Kitinda alifagia ua, kisha akakaa miguuni mwa mama asukwe nywele kabla ya shule. Yeye ndiye kitinda mimba wa nyumba ile, na saa ya kusukwa ilikuwa yake peke yake.

Mpaka alipoletwa Mgeni.

Mama alifanya kazi katika makao ya mbwa waliotupwa. Mgeni alikuwa mbwa wa kahawia, mifupa mitupu, mwenye kuogopa hata kivuli chake.

"Nimepewa wiki moja," mama alisema. "Akila mkononi mwangu kabla Jumamosi haijaisha, atabaki. Asipokula, anarudi kizimbani, na hakuna mwingine anayemtaka."

Basi kila asubuhi mama alijilaza sakafuni, chakula kiganjani, akinong'ona, "Njoo, mwanangu."

Mwanangu! Kitinda aliona kama amemeza kaa la moto. Yeye sasa alisukwa mbiombio, mistari imepinda kama njia ya ng'ombe.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alinung'unika.

Bibi akacheka. "Mpe basi, mjukuu wangu. La ukubwa gani?"

Kitinda hakucheka. Alikuwa amegundua kwamba akifagia, Mgeni hujibana nyuma ya pipa. Basi akawa anauegemeza ufagio ukutani, nyuma ya mgongo wa mama. Mgeni alisogea, akauona, akarudi mbio.

"Nimekosea wapi?" mama aliuliza kila siku.

Ijumaa mama hakujilaza tena. Alikaa akifuta macho. Kitinda akauchukua ufagio haraka aurudishe mahali pake, akakutana na Mgeni uso kwa uso. Mbwa hakubweka wala hakukimbia. Alilala chini, akafumba macho, akangoja kupigwa.

Kitinda akauweka ufagio chini. "Mama, ni mimi! Nilikuwa nauweka ufagio makusudi."

"Kaufiche," mama alisema. "Kisha uje ulale hapa pamoja nami."

Jumamosi alfajiri, wawili hao wakiwa wamelala bega kwa bega, Mgeni alinyata, akala mkononi mwa mama. Wivu ulimchoma Kitinda tena, lakini kidogo tu, kama kidonda cha mwiba uliokwisha kutolewa.

"Mapenzi ya mama si mkate, kwamba akimegewa mwenzako wewe unapungukiwa," bibi alimwambia. "Na methali yako uliishika nusu. Apewaye jembe hafukuzwi. Amekuwa mwenyeji."

"Mbwa na jembe wapi na wapi, bibi?"

Bibi alinyoosha kidole uani, Mgeni alikokuwa akichimba shimo katikati ya pale palipofagiliwa. "Amekuja nalo mwenyewe."