Chai ya Kijani na Maji ya Mtungini

Mwaka wa vita, sukari ilipotea katika duka la kijiji, Nyantakara. Kwandu alikuwa amezoea chai asubuhi kabla ya kwenda shamba la kijiji. Sasa alikunywa uji usio na kitu, akabeba jembe lake akaenda. Mumewe, Mihayo, alikuwa vitani. Nyumbani walibaki watoto wawili: Limi, aliyekuwa ameanza shule, na mdogo wake Shilinde, mwenye mashavu ya kujaa.

Kiangazi kile maji ya lambo yalipungua, yakawa na rangi ya udongo. Ng'ombe walikunywa palepale watu walipochota. Watoto wengi waliharisha. Shilinde naye aliugua, akapona, akaugua tena.

Jirani yao Speciose, mama Bukuru, alitoka Burundi zamani. Nyumbani kwake hakuna aliyeharisha. Kwandu akaenda kumwuliza.

"Hodi, mama Bukuru! Ninyi mnakula nini hata tumbo haliwagusi?"

"Karibu, mama Limi. Maharage, kama wewe. Labda ni hii chai."

Speciose alikuwa na miche michache ya chai nyuma ya nyumba. Akishachuma majani, huyakaanga kidogo bila mafuta, huyafikicha kwa viganja, kisha huyaanika. Hivyo hayageuki kuwa meusi.

Kwandu alichungulia kikombe alichomiminiwa. "He! Hii ni chai au mkojo wa mbuzi?"

"Onja kwanza, ndipo unitukane."

Kwandu akaonja. Ilikuwa chungu kidogo, lakini ilinukia vizuri.

"Haidai sukari, kwa hiyo na meno yanapona," alisema Speciose. "Na mwili unachangamka."

Akamfungia majani katika jani la mgomba.

Tangu hapo Kwandu alichemsha chai ile kila asubuhi. Lakini ilikuwa ya moto sana, na kengele ya shamba ilikuwa imeshalia. Shilinde alinyoosha mikono akiitaka. Kwandu alichota maji mtungini kwa kata, akaongeza kikombeni mpaka chai ikawa vuguvugu. Ndivyo alivyofanya mama yake mzazi.

Shilinde akaharisha tena.

"Kunywa, baba. Hii itakuponya," Kwandu alimwambia, akamwongezea kikombe kingine.

Kwa kuiamini chai, hakwenda zahanati mapema. Alipomfunga mgongoni kumpeleka, macho ya mtoto yalikuwa yamezama. Alikuwa amechelewa. Shilinde alizikwa baba yake akiwa mbali.

Baada ya mazishi, Speciose alikuja kukaa naye. Limi aliomba chai. Kwandu akachota maji kwa kata. Speciose akamshika mkono.

"Mama Limi, maji hayo yamechemshwa?"

"Ya mtungini tu. Napoza."

Speciose akamwondolea kata mkononi.

"Dada, kilichotulinda sisi ni maji yaliyotokota. Ukitia mabichi, umerudisha uchafu wa lambo kikombeni."

"Mbona hukuniambia?"

"Sisi tunasubiri ipoe yenyewe. Nilikusifia chai, sikukuuliza unainywaje. Nisamehe."

"Nilimwongezea mimi, mama Bukuru. Kwa mkono huu."

Walilia wote wawili. Kisha Speciose alisema polepole, "Na chai haitibu kuharisha. Mtoto mdogo hata haimfai. Akiharisha, mpe maji yaliyochemshwa yakapoa, na uji mwepesi. Mpeleke zahanati siku hiyohiyo."

Kwandu alianza kuchemsha maji kila jioni. Aliyaacha yatokote, akayatia katika chungu safi, akakifunika. Wanawake wengine walimcheka: "Kwandu anapika maji kama nyama!" Lakini walipoona Limi haugui, nao wakaanza kupika yao.

Vita vilipokwisha, Mihayo alirudi amekonda, akasimuliwa jinsi Shilinde alivyokufa. Kwandu alimwandalia chai ya kijani. Mihayo alikuwa na haraka ya askari. Aligusa kikombe, kikamchoma, akachukua kata na kuichovya katika mtungi wa maji ya kuoshea vyombo.

Kwandu akafunika kikombe kwa kiganja chake.

"Subiri, baba Limi. Ipoe yenyewe."

"Nina kiu, mke wangu."

"Najua. Hata Shilinde alikuwa na kiu."

Mihayo alimtazama. Akamwaga yale maji, akaweka kata chini. Wakakaa pamoja, wakingoja chai ipoe.