Harufu ya Vanishi

Jua lilikuwa linazama mke wa askari alipotoka na kikapu, akawaambia majirani pale kota za polisi kwamba anakwenda dukani kununua sabuni. Duka alilipita. Akateremka hadi mtaa aliokuwa akiukwepa kwa majuma mengi, kama mtu anavyomkwepa mbwa aliyewahi kumng'ata.

Mlango hakuhitaji kuelekezwa. Nje yalikuwa yamelazwa magodoro yaliyochanwa, na kizingiti kimejaa pamba. Ndani, mama mmoja mtu mzima aliketi sakafuni akishindilia pamba kwenye godoro. Pamba ilikuwa imemganda mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, mama."

"Nakujua," alisema yule mama bila kuinua uso. "Mumeo kakutuma uje uone tumebaki wangapi?"

Mke wa askari alipiga magoti. Alikuwa msusi, mwanamke wa maneno mengi kibarazani kwake.

"Mama... nakuomba uje nyumbani. Uje umchukue mwanao."

Mkono wa yule mama ukasimama ndani ya godoro.

Mwanawe alikuwa kijana mwembamba. Watu walimwita Msasa, kwa sababu kazi yake ilikuwa kupiga msasa na vanishi vitanda vya karakana moja ya seremala. Usiku mmoja askari walikwenda pale kutafuta mbao za wizi. Ikasikika risasi moja tu, na Msasa hakuamka tena. Mume wa msusi alieleza kwamba kijana alichomoka kizani nyuma ya karakana, akamrukia na patasi. Asingefyatua, angekufa yeye. Wakubwa wakaketi, wakamsikiliza, wakasema alijitetea. Akarudishiwa bunduki yake. Mama yake Msasa aliuliza: fundi seremala asiposhika patasi, ashike nini? Lakini mnyonge hana haki. Swali lake liliishia mlangoni mwa kituo.

Halafu nyumbani kwa msusi ikaanza harufu.

Vanishi. Kwenye shuka, kwenye mto, kwenye nywele za mumewe. Baada ya harufu ikaja sauti. Kwaru... kwaru... kwaru... Kila giza likiingia, askari aliketi sakafuni akisugua ubao wa kitanda kwa kiganja kitupu, hadi ngozi ikachubuka. Mkewe akimwita, haitiki. Akimgusa, anamtazama kwa adabu, kama mtu aliyekaa nyumba ya watu.

"Dada, mama hajafika?"

Daktari alitoa vidonge vya usingizi. Mganga alifika mlangoni, akanusa, akarudi kinyumenyume.

"Huyu hakutumwa na mtu," alinong'ona. "Kaja mwenyewe. Atatoka akiitwa na aliyemzaa. Mimi simo."

Yote hayo msusi aliyaeleza palepale sakafuni. Yule mama akajipangusa pamba, akajitanda khanga, akatoka.

Walipofika kota giza lilikuwa linaingia.

Kwaru... kwaru...

Chumbani, pandikizi la mtu lilikuwa limekunja magoti hadi kidevuni, kama kijana mwembamba. Yule mama alimtazama kwa muda. Kisha akacheka, kicheko kikavu.

"Ndiyo haya mliyoniitia? Kuniulia mwanangu hakukutosha, sasa mnanifanyia maigizo?" Akageuka kuondoka.

"Mama Pamba."

Akasimama.

Jina lile alilitumia mtu mmoja tu duniani, tangu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, akichezea pamba kwenye nywele za mama yake.

"Mama Pamba, umechelewa."

Sauti ilikuwa nyembamba, yenye kikohozi kidogo cha mtu aliyezoea kuvuta vumbi la mbao. Yule mama alishuka taratibu, akaketi mbele yake.

"Walisema ulimrukia, baba. Niambie mimi."

Kusugua kukakoma.

"Nilimrukia, mama."

Moyo wa msusi ukaruka kwa furaha, kisha akaionea haya furaha hiyo. Mumewe hakusema uongo! Alikuwa ameficha shaka moyoni tangu siku ile, na shaka ile ilikuwa imemla kama mchwa.

"Kwa nini, baba?"

"Alikuja gizani ametanguliza bunduki. Sikumjua ni nani. Nikaona ananiua." Akakohoa. "Nikajitetea."

Neno lilelile.

Msusi alimsogelea yule mama, akamnong'oneza: "Umesikia? Hakuna aliyemtaka mwenzake ubaya. Sasa mwite atoke, mama. Akapumzike."

Yule mama aliuchukua mkono uliochubuka, akalowesha ncha ya khanga kwa mate, akaanza kupangusa kile kiganja, kama afutwavyo mtoto aliyeanguka.

"Mama, mganga alisema ukimwita..."

"Nimwite aende wapi? Kule nilikomwacha kuna udongo."

"Huyu ni mume wangu!"

"Na huyu ni mwanangu."

Ghafla uso wa askari ukapinda. Macho yakamtoka. Kutoka mbali, kama mtu aliye chini ya kisima, ikaja sauti yake mwenyewe, ile nene.

"Mke wangu... mtoe... mtoe huyu mama... Huku kuna baridi..."

Msusi akamrukia kumkumbatia. Yule mama alimtangulia. Alimziba askari mdomo kwa kiganja, polepole, bila hasira yoyote.

"Nyamaza wewe," alinong'ona. "Wewe ulishasema, wakakusikiliza. Mwachie mwenzako."

Midomo ilihangaika chini ya kiganja.

Ikatulia.

Mkono ulipoondoka, askari alikuwa anatabasamu.

"Dada, tuwashie taa. Mama haoni vizuri."

Msusi aliiwasha. Angefanya nini?

Sasa msusi anakaa kwa dada yake. Wakubwa wanasema askari wao ni mgonjwa, apewe muda. Majirani wanasema hajawahi kuwa mpole hivi. Anawapigia vanishi viti vyao, na kila jioni kuna mama mmoja anakuja kumpikia. Msusi alipojaribu kueleza, walimwonea huruma, wakamshika bega, wakamwambia ndoa ni kuvumiliana.

Kwa hiyo huenda kule kwenye baridi, makaburini, kabla giza halijaingia. Huketi kando ya kaburi la kijana ambaye hakuwahi kumwona akiwa hai, akaweka kiganja juu ya udongo, akaita lile jina analomwitia mumewe wakiwa wawili tu. Ameita siku nyingi, kimya.

Juzi, alipokuwa anainuka aende zake, kitu kiligonga chini ya kiganja chake.

Mara moja.