Kifuniko cha Tanuri

Kila tarehe mosi mume wangu, Verlyn, alishuka chumba cha chini kubadilisha chujio la hewa la tanuri linalopasha nyumba yetu joto. Alirudi na vumbi puani akidai kahawa.

Alifariki Oktoba. Tarehe mosi Januari, siku ya Jumamosi, nilishuka mwenyewe. Nilifungua kifuniko, nikabadilisha chujio. Glavu zake zilikuwa bado juu ya tanuri. Nilizishika, nikalia. Nikazirudisha, nikafunga harakaharaka, nikapanda.

Baada ya saa moja nyumba ilipoa. Kidhibiti joto cha ukutani kiliandika: "Hakuna mawasiliano na tanuri." Kidhibiti hicho alikiweka na kukiunganisha waya jirani yetu Orrin, fundi mstaafu.

Kesho yake kanisani, kwenye kahawa baada ya ibada, niliwaambia akina mama, "Orrin kaniharibia. Siku hizi hata waya haoni!"

Walicheka. Nami nilicheka.

Nikarudi nyumbani, nikakaa jikoni, koti mwilini, oveni ya gesi ikiwaka na mlango wake wazi ili nipate joto. Jumatatu asubuhi Orrin aligonga mlango, tochi mkononi.

"Shemeji, madirisha yako yameganda kwa ndani. Nimeyaona hata mimi nisiyeona waya."

Uso uliniwaka. "Nani kakwambia?"

"Si mke wangu ndiye aliyekuwa anakumiminia kahawa?"

Alizima oveni kabla hata ya kuvua kofia, akafungua dirisha. "Hii ni ya kuokea tu. Inatoa hewa yenye sumu. Huioni, huinusi, na inaua."

Akaanza kazi. Betri za kidhibiti zilikuwa nzima. Kwenye boksi la umeme, swichi ya tanuri ilikuwa imewashwa. Tukashuka chini.

"Ulifungua hapa?"

"Nilibadilisha chujio."

"Ulizima umeme kwanza?"

Alizima swichi iliyo kando ya tanuri, akavuta kifuniko. Glavu moja ya Verlyn ikaanguka. Kidole cha glavu hiyo kilikuwa kimebanwa ukingoni mwa kifuniko.

"Tazama kitufe hiki," alisema. "Kifuniko kikikaa sawasawa kinakibonyeza, umeme unapita. Kikiachia kidogo tu, tanuri linazimika. Kidhibiti kinaita, lenyewe haliitikii. Siku moja zaidi, maji yangeganda na mabomba yangepasuka."

Alinipa glavu bila kunitazama. "Haya, funga wewe."

Nilifunga, nikawasha swichi. Tanuri likanguruma.

"Orrin, mimi nili..."

"Kahawa ipo?"

Jumapili iliyofuata nilisimama palepale kanisani, penye birika la kahawa, mbele ya akina mama walewale.

"Waya wa Orrin ni mzima," nilisema. "Ni mimi niliyefunga kifuniko vibaya, nikamsingizia."

Hakuna aliyecheka. Mke wa Orrin alinijazia kikombe mpaka juu.

Tarehe mosi Februari nilishuka tena. Nilizima swichi kwanza. Nikabadilisha chujio, nikabonyeza kifuniko pembe zote nne. Juu ya tanuri hapakuwa na kitu. Glavu nilikuwa nimezivaa.