Nesi wa Injinia

Ukumbi wa usajili ulikuwa umefurika siku hiyo ya kwanza ya muhula. Karani wa dirisha la tatu aliona gauni la njano na hereni ndefu, basi, akanyoosha kalamu.

"Uuguzi ni dirisha la tano, dada."

"Mimi nipo uhandisi wa mitambo. Mwaka wa tatu."

"Hebu kaulize kwanza dirisha la tano."

Msichana akatoka kwenye foleni akiwa amenuna. Katikati ya ukumbi akagongana na kijana mrefu aliyevaa shati jeupe lililonyooshwa vizuri, naye anatoka alikokuwa anaelekea yeye.

"Samahani," kijana alisema. "Nimefukuzwa uuguzi. Wanasema wanaume ni uhandisi."

"Mimi nimefukuzwa uhandisi."

Wakatazamana. Kicheko kikawatoka mpaka watu wakageuka.

"Rudi kwenye foleni yako, injinia," kijana alisema. "Ukikubaliwa nisubiri mlangoni, nijue kama nami nina matumaini."

Alimsubiri. Hazikupita wiki mbili, wenzao wote walikuwa wanawaita Injinia na Nesi, na mahali alipo mmoja hukosi kumwona mwingine.

Injinia alikuwa mtu wa karakana. Humo alikuwa anaunda mashine ndogo ya kusaga nafaka, mradi wake wa mwaka, na akiingia na ovaroli yake ya bluu alisahau dunia. Simu yake ililia kila mchana saa ileile.

"Umekula?"

"Bado. Nafunga gia."

"Gia haina tumbo, kipenzi. Njoo ule."

"Nesi, unanichunga kama mgonjwa."

"Wagonjwa wangu wananisikiliza."

Kilichomkera Injinia ni sheria iliyobandikwa mlangoni: wanafunzi wa kike watoke karakana saa kumi na mbili jioni, kwa usalama wao. Wa kiume walibaki hadi saa nne usiku. Saa hizo zote nne zilikuwa zinampita kila siku, na alama zake zilionyesha. Akaandika barua kwa kamati ya usawa wa jinsia ya chuo, akakusanya sahihi, mpaka kikao kikapangwa Jumatano alasiri. Nesi naye alikuwa na lake: wavulana wa uuguzi walikuwa hawapewi zamu wodi ya wazazi, na bila zamu hizo mtu hahitimu.

"Tutaongea wote wawili," Injinia alimwambia. "Mmoja baada ya mwingine."

"Nipo nyuma yako."

"Nyuma sitaki. Kaa pembeni yangu."

Jumapili kabla ya kikao, baba yake Nesi alikuja kumtembelea. Walikaa mgahawani, mzee amevaa koti lake la heshima, Injinia amevaa gauni lile la njano, maana ilikuwa mara ya kwanza kutambulishwa.

"Baba, huyu ndiye mwenzangu," Nesi alisema. "Anasoma uuguzi."

Injinia alidhani amesikia vibaya.

"Kazi nzuri kwa mwanamke," mzee alisema kwa upole. "Mwanangu yeye atatujengea mitambo. Nimewaambia ndugu zake wote."

Nesi aliangalia meza. Injinia alimaliza chai yake, akamuaga mzee kwa adabu zote, akaondoka. Nesi alimfikia kwenye ngazi za bweni.

"Nisikilize. Tangu mwaka wa kwanza anajua nipo uhandisi. Nilishindwa kumwambia."

"Ungesema mimi ni rafiki tu, ningevumilia. Lakini umechukua kazi yangu ukavaa wewe, ukanivisha yako unayoionea aibu."

"Siionei aibu."

"Basi ni mimi unayenionea aibu." Akafunga mlango.

Simu ikalia Jumatatu, ikalia Jumanne. Hakupokea. Aliyepokea mara moja alikuwa mwenzake wa chumbani, akamjibu Nesi kwamba Injinia hayupo, ilhali Injinia amekaa kitandani, machozi yakimdondokea kwenye michoro yake.

Jumatano aliingia kikaoni peke yake. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo, profesa wa sheria, mtu wa maneno machache. Mkuu wa karakana akaeleza kwamba njia ya kwenda mabwenini ina giza, na wao wanawahurumia mabinti.

"Kama njia ina giza, wekeni taa," Injinia alisema. "Giza hatukulileta sisi. Kwa nini sisi ndio tufungiwe?"

Mwenyekiti akaandika kitu, kisha akauliza kama kuna mwingine. Mlango ukafunguka. Nesi aliingia na sare yake nyeupe ya hospitali, jasho usoni.

"Nasoma uuguzi," alisema. "Nimenyimwa zamu ya wodi ya wazazi mara mbili. Na Jumapili nilimdanganya baba yangu kwamba injinia ni mimi. Injinia ni huyu hapa. Leo asubuhi nimempigia baba nikamwambia ukweli."

Kamati iliamua taa ziwekwe njiani ndani ya mwezi, na karakana iwe wazi kwa wote kuanzia siku hiyo. Zamu za wavulana zingejadiliwa na hospitali. Haikuwa yote, lakini Injinia alitoka miguu ikiwa myepesi.

Nesi alikuwa amekaa kwenye benchi la nje.

"Baba alisemaje?" Injinia aliuliza, bado amesimama.

"Alikata simu. Sitakulaumu ukikata na wewe."

Akakaa pembeni yake. "Siku nyingine ukiogopa," alisema, "niambie mimi kwanza. Tuogope wote."

"Nimekuumiza, mpenzi. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Ila usidhani nimesahau."

Simu ya Nesi ikalia. Alipoona ni baba yake, akaiacha iendelee kulia. Injinia akambonyezea kitufe cha kupokea na cha spika.

"Wewe," mzee alisema, bila salamu. "Hivi vidonge vipya vya presha, nimeze kabla ya chakula au baada?"

Nesi alifumba macho. "Nisomee jina, baba." Akasomewa, akaeleza taratibu, akarudia mara mbili.

"Sawa," mzee alisema. "Huyo binti yupo hapo? Mpe simu. Pampu ya kisima inanguruma tu, maji haivuti."

Injinia akapokea. "Shikamoo, baba. Ukiiwasha, inanguruma mwanzoni tu au muda wote?"

"Marahaba, mwanangu. Muda wote. Ngoja, nichukue kalamu niandike."