Jembe Dogo la Mzee Machuki

Kelele zilitoka chooni. Dani Dolphine aliuacha uji mekoni akakimbia kwa kadiri miguu yake mizee ilivyomruhusu. Alimkuta Bonareri amezama hadi kiunoni, sakafu imemfungukia, mikono yake yote miwili imeng'ang'ania kizingiti cha mlango.

"Usitikisike, binti yangu. Nitazame mimi. Chini usitazame."

Ilikuwa Jumanne asubuhi, mwezi wa Mei 1962, mwaka wa ile mvua kubwa, na jua lilikuwa halijapanda juu ya mabati ya Mtaa wa Mtaroni, Migori. Majirani walimvuta nje. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevunjika. Bonareri alikuwa mja mzito, na Dani alipomwekea mkono tumboni akasikia mtoto amepiga teke, ndipo naye akakumbuka kupumua.

Mtaa ule ulikuwa safu mbili za nyumba zilizotazamana, mtaro katikati, na choo kimoja cha shimo kule mwisho. Kazi zilifanywa kwa zamu: kufagia, kuzibua mtaro, kukandika sakafu ya choo kwa udongo na samadi. Mwenyekiti wa usafi alikuwa Nicanor, karani wa ghala la pamba, mtu wa shati jeupe na maneno yaliyonyooka. Ndiye aliyeshika ufunguo wa stoo ya vifaa vya mtaa. Ndiye pia aliyewahi kumsimamisha mjane mmoja mbele ya watu wote kwa sababu alichukua ubao wa mtaa kuzibia dirisha lake.

Konstebo Mwikwabe alifika kwa miguu. Kituo chake kilikuwa ng'ambo ya mto, lakini daraja lilikuwa limefunikwa na maji tangu wiki iliyopita, naye amenaswa upande huu kama wengine. Aliinama juu ya tundu akatoa vipande vyeupe, vyepesi.

"Mabua ya mkonge," alisema. "Boriti ziko wapi?"

"Boriti nilileta mimi mwenyewe," alijibu Gisiri, mwenye mkokoteni, Mkuria mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. "Mti mgumu kabisa. Mtu ameziondoa."

"Nani?"

Gisiri alikwaruza ndevu. "Mimi sitaki kumtia mtu taabani, afande. Lakini kila alfajiri huyu mzee anapita nyuma ya choo na jembe dogo, tope mpaka magotini. Na choo chenyewe haingii. Tangu aje hajaingia hata siku moja. Muulize kwa nini anakiogopa."

Watu wote wakageuka. Mzee Machuki, baba mkwe wa Bonareri, alikuwa amesimama kando kabisa, amewapa kisogo wanawake waliokuwa wakimfunga mkwe wake mguu. Alikuwa Mkisii aliyekuja mtaani miezi miwili iliyopita, baada ya mlima kuporomoka ukaondoka na nyumba yake. Mwanawe, Mochama, dereva wa lori, alimkodishia chumba kilichopakana na chake. Sasa Mochama mwenyewe alikuwa amekwama Kisii, barabara imekatika.

"Mzee, ulikuwa unakwenda wapi na jembe?" aliuliza Mwikwabe.

Mzee alirudi nyuma hatua moja.

"Mbona choo cha mtaa hukitumii?"

Mzee alitazama vidole vya miguu yake. "Sikumdhuru mtoto wa watu."

"Nimekuuliza ulikuwa wapi."

"Nimemaliza kusema."

Nicanor alitoa ufunguo. Vifaa vya mtaa vikatolewa stoo, mzee akaingizwa. "Maji yakipungua, anavuka na mimi kwenda kortini," alisema Mwikwabe. "Kutaka kumuua mkwe wake na mtoto tumboni! Mwanawe atakuja kuzisikia habari hizi akiwa wapi?"

Dani aliutazama mlango ukifungwa. Alikuwa Mjaluo wa kisiwa cha Rusinga aliyezaa, akalea, akazika, na mtaa mzima, hata wasiojua Kijaluo, ulimwita dani, yaani bibi. Aliona kitu kimoja: mzee alipoinama kuingia stoo, alijibanza ukutani ili asimguse mtoto aliyekuwa akichungulia. Mtu anayetegesha shimo hajibanzi hivyo.

Saa sita, Nicanor alipomfungulia, alimpelekea uji. Stoo haikuwa na dirisha, ila ufa kati ya mbao, na mzee alikuwa amekaa kwenye debe, magoti yamegusa ukuta.

"Omogaka," Dani alimwita kwa neno la heshima la Kikisii alilojifunza sokoni, "choo ni kimoja, na wewe ni binadamu. Umekuwa ukienda wapi?"

Mzee aliweka kikombe chini. "Mama, ukinipenda, usiniulize tena."

"Watakufunga."

"Wanifunge."

Dani alitoka. Jembe dogo lilikuwa limeegemezwa ukutani pamoja na vifaa vya mtaa, kama ushahidi. Aliligusa. Tope lililokaukia juu yake lilikuwa jeusi na laini, la mtoni. Akaenda hadi chooni, akachota udongo ukingoni mwa shimo. Mwekundu, wenye changarawe.

Kisha akatazama kipande cha sakafu kilichobaki. Zamu ya kukandika ilikuwa yake mwezi uliopita, na mkono wake aliujua: viganja vyake viliacha mikunjo ya nusu duara, kama magamba ya samaki. Sasa nusu ya sakafu ilikuwa na magamba yake, na nusu nyingine ilikuwa imenyooka, tambarare kama meza. Mtu ameifunua, akaifunga tena. Na hakutumia kiganja.

Alirudi kwenye vifaa. Jembe, reki, karai, mwiko wa mwashi. Mwiko ulikuwa umegandiwa na samadi.

"Nani anakandika kwa mwiko?" alijiuliza kwa sauti.

"Mtu asiyetaka kuchafua mikono," alijibu Gisiri akipita na mkokoteni. "Au unanishuku mimi, Dani? Mimi mikono yangu imezaliwa michafu."

"Nakushuku, ndiyo. Boriti ulileta wewe. Pengine uliuzia mtaa mabua."

Gisiri alisimama, amekasirika kwelikweli. "Mimi? Nilizichoma ncha kwa moto, nikazipaka oili chafu ya gari ili mchwa wasile! Ncha nyeusi, zinanuka kama gereji. Na niliziweka mwenyewe, Nicanor amesimama juu yangu anahesabu misumari."

"Basi, mwanangu, nisamehe. Huo mkokoteni usije ukakuangukia kwa hasira."

"Hasira nimeshaimaliza," alisema Gisiri, lakini alikuwa bado anatikisa kichwa.

Jioni Dani aliingia kwa Bonareri. Mguu ulikuwa umefungwa kwa vijiti, na dresa wa zahanati, mfunga vidonda, alikuwa ameahidi kurudi kesho. Bonareri alikuwa amelala ametazama ukuta.

"Unamwogopa baba mkwe wako?" Dani aliuliza.

"Tata? Hapana!" Machozi yakamtoka. "Dani, kila alfajiri nilikuwa nachelewa kufungua mlango. Nasikia amekohoa, nasubiri. Apite kwanza, aende na arudi, ndipo nami nitoke. Nilijua. Lakini ningemwambiaje afande? Mdomo wangu huu ungesema nini?"

Dani hakuhitaji neno jingine. Kwa Wakisii, kama kwao Rusinga, baba mkwe na mke wa mwanawe hawakai kiti kimoja, sembuse kuingia choo kimoja. Nyumbani kuna vichaka, kuna nafasi. Hapa mtaa mzima ulikuwa na mlango mmoja. Mzee alikuwa akishuka hadi mtoni gizani na jembe dogo, akifukia kama mtu mstaarabu, na kurudi kabla watu hawajaamka. Alikuwa tayari kufungwa kuliko kulitamka jambo hilo na jina la mkwe wake kwa pumzi moja. Na mkwe, kwa miezi miwili, alikuwa akijizuia nyuma ya mlango ili kumwachia njia.

Dani alikaa kitako, amechoka. Alikuwa na ukweli wa kumtoa mzee stoo, na asingeweza kuusema. Angeusema mbele ya watu, mzee angetoka kifungoni akatembee na aibu isiyo na mlango. Hakukuwa na njia ila moja: kumpata aliyefanya.

Asubuhi ya Jumatano alirudi stoo na uji. Mzee alikuwa amejifunika blanketi jekundu, zito, lenye nyuzi zinazoning'inia.

"Limetoka wapi?"

"Kijana wa ufunguo. Aliingia, akanifunika, akatoka. Aliniangalia kama mtu anayetaka kulia."

Dani alilijua blanketi lile. Lilikuwa la Teresa, mama yake Nicanor, kipofu asiyetoka chumbani. Katika baridi ile ya mvua, nani anamvua mama yake blanketi amfunike mtu aliyetaka kuua? Wema ule ulikuwa mkubwa kuliko sababu yake. Aliligeuza kwenye mwanga wa ufa. Pembeni palikuwa na doa jeusi. Alinusa.

Gereji.

Saa nne alimshika Konstebo Mwikwabe mkono kama mtoto wake, na wote wawili wakaingia nyumbani kwa Nicanor. Nicanor alikuwa anavaa viatu vya kazi.

"Nimekuja kumsalimu mama," alisema Dani, akapita.

Teresa aligeuza macho yake yasiyoona. "Dolphine! Karibu. Leo nimelala vizuri. Ule ukuta ulikuwa unapumua, mvua ikinyesha nausikia unakuja kwangu. Sasa mwanangu ameipa nyumba miguu mipya."

Kando ya kitanda boriti mbili zilikuwa zimeegemea ukuta uliopinda. Zilikuwa zimepakwa udongo mbichi, tambarare kama meza. Dani alikwangua juu kwa ukucha. Udongo ukadondoka, ncha nyeusi iliyochomwa ikaonekana, na harufu ya oili ikajaa chumba.

Mwikwabe alizitazama boriti, kisha akamtazama mwenye nyumba mlangoni.

"Twende nje," Nicanor alinong'ona. "Asisikie."

"Nasikia," alisema Teresa. "Macho ndiyo yamekufa. Umefanya nini, Nicanor?"

Nicanor alikaa chini sakafuni na shati lake jeupe. "Ukuta ungekuangukia, mama. Mbao haziji, barabara imekatika. Nikasema ni kwa wiki moja tu, mabua yatastahimili, nitarudisha."

"Kwa nini hukuomba, wuod Teresa?" Dani alimwita mwana wa Teresa, kama alivyomwita alipokuwa mdogo. "Mtaa mzima ungekuja na mikono."

"Mimi niombe? Mimi niliyemsimamisha mjane kwa ajili ya ubao mmoja?" Alicheka kicheko kibaya. "Kila siku nimekuwa nikipita pale nikisikiliza kama sakafu inalia. Nilitaka kuwaambia wasiingie. Nikifungua mdomo, naona uso wa yule mjane."

"Na mzee ulimfungia kwa mkono wako."

"Yeye hakujitetea! Nilingoja aseme neno, hata moja, nami ningesema langu. Akanyamaza. Usiku sikupata usingizi. Blanketi ndilo kitu nilichoweza."

Teresa alipapasa hewani mpaka akapata kichwa cha mwanawe. Aliuacha mkono pale. "Ondoa boriti zao," alisema. "Mimi nitalala kwa Dolphine."

Nje, Mwikwabe alifungua stoo mwenyewe. Mzee Machuki alitoka amepinda, macho yakimeta kwa mwanga, na watu wakasogea karibu. Gisiri alivua kofia. "Mzee, nilisema nilichoona. Sikuona vizuri."

"Lakini bado hajanijibu," alisema konstebo. "Alikuwa wapi na jembe?"

"Tope la jembe ni jeusi, la mtoni," Dani alijibu. "Udongo wa choo ni mwekundu. Hilo halikutoshi?"

"Linatosha kumfungulia. Nataka kujua tu."

"Afande, mkeo anakaa wapi?"

"Nyumbani kwa baba, kule Isebania."

"Basi fikiria boma la baba yako, na njia za kwenda nyuma ya nyumba, kila mtu na yake. Kisha uniulize tena."

Damu ilimpanda Mwikwabe usoni, akamrudishia mzee jembe lake dogo kwa mikono miwili, kama anavyompa mzazi.

Mto haukupungua juma lile. Nicanor, akingoja kuvushwa kwenda kituoni, alichimba shimo la choo cha pili upande mwingine wa mtaa, mlango wake ukielekea mtoni. Hakuna aliyeuliza cha nani. Gisiri alikata mti mwenyewe, akaleta boriti nyingine. Mjane wa ule ubao alikuja na karai, akazoa udongo bila kumtazama mchimbaji, lakini alizoa.

Siku ya mwisho ya kuchimba, Mzee Machuki alikuja amelikunja blanketi jekundu kwapani, analipeleka kwa Teresa. Alisimama ukingoni mwa shimo.

"Hilo jembe lako kubwa halifiki pembeni," alimwambia Nicanor, akamteremshia lake.

Alfajiri ya kwanza baada ya choo kukamilika, Bonareri, amelala na mguu wake, alisikia mlango wa jirani umefunguka na kikohozi kimepita. Alisubiri kama kawaida. Nyayo hazikushuka kuelekea mtoni. Zilikwenda hatua chache tu, mlango mpya ukafungwa taratibu, na Bonareri akajifunika shuka usoni, akageukia ukuta ili asisikie zaidi.